Ndoo Zilizoogopa Baridi

Katika kiwanda chetu cha ndoo, maabara ilikuwa ni uzito wa bosi. Mteja akija kuuliza kama mali ni imara, bosi aliitisha ndoo, akaipindua sakafuni, akavua koti kama mtu anayekwenda kupigana, kisha akapanda juu yake na viatu vyake. Alikuwa mwanamume wa kujaza mlango. Akishafika huko juu alikunja mikono na kumtazama mteja bila kusema neno, ndoo nayo ikanyamaza chini yake, na huo ndio ulikuwa utafiti wetu. Nimeona wenye maduka ya jumla wakitoa simu kupiga picha. Nimeona pasta mmoja akipiga makofi.

Mimi sina ubaya na mtu mzito. Ubaya wangu ni na mtu anayedhani uzito wake ni digrii. Bosi alipanda ndoo saa sita mchana, kando ya mashine iliyotema plastiki moto kutoka asubuhi, mahali ambapo hata mijusi walitembea wakipuliza miguu. Kwa joto lile, na kwa kupanda polepole vile, hata mkate wa duka ungembeba. Lakini nani angemwambia? Aliyekuwa na la kusema alikuwa na kodi ya nyumba mtaani Langas, na kodi humfundisha mtu adabu haraka sana.

Kazi yangu ilikuwa kuchanganya malighafi. Nilimwaga ndani ya pipa punje mpya za plastiki, kreti kuukuu zilizosagwa, rangi, unga wa chokaa, na chochote ambacho bosi alikuwa ameokota kwa bei ya huruma. Jioni nilivua ovaroli nikaenda shule ya watu wazima mjini Eldoret, darasa lililokuwa juu ya duka la mbegu, ambako nilimaliza sekondari katika umri ambao wenzangu walikuwa wanatafuta miwani ya kusomea. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa na koti moja na maoni elfu. Alitufundisha kwamba plastiki ni nyuzi ndefu zilizosokotana kama tambi ndani ya sufuria: zikipata joto hulegea na kucheza, zikipata baridi hukakamaa, na ukizigonga zikiwa zimekakamaa hazinyumbuki, zinakatika. Kutoka kwake niliambukizwa ugonjwa wa kueleza mambo, na sijapona mpaka leo. Fundi mkuu wa kiwanda, mzee mwenye masharubu yaliyokuwa na rangi tatu za ndoo, aliniita Profesa wa Jioni. Hakuwa ananisifu.

Sasa, mimi nimeoa Timboroa. Asiyeijua Timboroa aelewe kwamba huko ng'ombe wakipumua asubuhi unadhani wanavuta sigara. Kuna siku nyasi huvunjika ukizikanyaga. Nilipopeleka posa mara ya kwanza nilitetemeka mpaka wazee wakadhani ni mapenzi.

Mama mkwe wangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa maziwa, na kikundi kilikuwa kimegawanyika kuhusu vyombo. Mweka hazina, mama mmoja wa gambuti ndefu za mpira na sauti ya kuita ng'ombe aliye kaunti nyingine, alitaka mikebe ya aluminiamu. Mama mkwe alitaka ndoo za plastiki zenye vifuniko. Alisimama mkutanoni akasema mgongo wa mwanamke haukuumbwa kubeba chuma, kwamba ndoo ni nyepesi na huoshwa upesi, na kwamba zinatengenezwa na mkwe wake mwenyewe, kwa hivyo yeye ndiye dhamana. Akina mama wakalikubali neno lake. Wakanunua.

Zinatengenezwa na mkwe wake. Nilizitengeneza vile mpishi wa jela huandika sheria, lakini huwezi kumsahihisha mama wa mke wako mbele ya kikundi.

Baridi ya mwaka huo ilipofika kilele, simu yangu ililia nikiwa nimesimama kwenye pipa.

"Mkwe, uko salama?"

"Niko salama, Mama. Huko nyumbani?"

"Nyumbani tuko. Maziwa ndiyo hayako."

"Yamefanya nini, Mama?"

"Yamerudi kwa ardhi. Ndoo imeguza jiwe nikiishusha, hivi tu, vile mgeni anabisha mlango, ikapasuka kama kibuyu. Na si yangu peke yake. Kila asubuhi kuna mmoja analia barabarani."

"Ndio, Mama."

"Na mweka hazina hajasema kitu. Ananiangalia tu akitabasamu. Heri angenitukana."

"Ndio, Mama."

"Kabla ya Krismasi tunachagua viongozi. Mimi sina shida kuacha kiti, nimekikalia mpaka kimenichoka. Lakini sitaki iandikwe kwamba nilitolewa na ndoo. Na si ndoo tu, ndoo ya mkwe wangu. Unasikia?"

"Ndio, Mama."

"Acha ndio-ndio. Niletee zisizovunjika, ama uniambie ukweli nikanunue hiyo mikebe na aibu yangu."

Kwetu mtu hajibizani na mama mkwe. Humtazami usoni ukila, humkatizi akiongea, na akikupigia simu unasimama wima hata kama yeye hakuoni. Nilisimama wima. Nadhani hata ovaroli yangu ilisimama.

Nilimpelekea bosi habari hizo pamoja na ndoo chache zilizorudishwa na gari la mboga, nyingine zimepasuka, nyingine bado nzima.

"Hao wanawake wanapiga ndoo mateke," alisema.

"Ni baridi, bosi."

"Baridi? Plastiki ni ng'ombe, isikie baridi?"

Akachukua iliyokuwa nzima, akaipindua, akavua koti. Akapanda. Ikambeba, kama kawaida.

"Imevunjika?" aliuliza kutoka huko juu.

"Hapana, bosi."

"Basi mwambie mama mkwe wako ajifunze kubeba."

Kulikuwa na muuza kuku karibu na lango letu, mwenye friza kubwa kama kaburi la chifu. Nilimwomba nafasi, nikailaza ndoo ileile katikati ya kuku mpaka baada ya chakula cha mchana. Ilipotoka ilikuwa na ukungu mweupe. Nikaiweka mbele ya bosi na fundi mkuu, nikaigonga kwa mpini wa nyundo. Sikuigonga kwa hasira. Ilitengana vipande vitatu na kulala kimya, kama sahani iliyochoka na ndoa ya mwenye nyumba.

"Profesa ameiua," fundi mkuu alisema.

"Na nani anaweka ndoo kwa friza?" bosi aliuliza.

"Timboroa, bosi. Timboroa yote ni friza, imekosa mlango tu."

Kilichomfanya asikie si mimi, wala si sayansi. Ni kwamba vikundi vya maziwa vya Burnt Forest, njiani kwenda Timboroa, vilikuwa vimeanza kuuliza bei ya ndoo, na habari za maziwa yaliyomwagika hushuka ile barabara ya Nakuru haraka kuliko lori lisilo na breki. Akanigeukia na uso wa mtu anayemeza dawa.

"Kwa hiyo shule yako, wanasema iwekwe nini?"

"Mpira," nilisema.

Nilikuwa na sentensi nyingine tisa nyuma ya hilo neno. Nilikuwa hata nimevuta pumzi. Lakini bosi alikuwa mtu wa kununua gari kwa kusikia honi, na kabla sijafungua mdomo tena alikuwa amemtuma fundi mkuu Langas, kwa wachonga akala. Wale mafundi hukata matairi ya malori kutengeneza viatu, na chini ya kila mmoja huwa kuna kichuguu cha mabaki. Fundi mkuu alirudi na magunia ya vipande vyeusi, bosi akayapokea kama mahari.

"Mpira huo hapo," aliniambia. "Tena wa bure. Hilo darasani hawakukufundisha."

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia ufa ndani ya plastiki ni kama bodaboda inayoshuka mlima bila breki: ikishaanza, inakwenda mpaka ukutani. Ukitawanya ndani ya plastiki vitone vya mpira vidogo sana, vidogo kuliko vumbi, tena vimeshikana na plastiki yenyewe, vinakuwa matuta ya barabarani. Bodaboda inagonga tuta, inapunguza mwendo, inagonga jingine, mwisho inazimika. Plastiki iliyo kando ya kila kitone hunyooka kidogo na kula lile pigo badala ya kukatika. Lakini kipande cha tairi ni kikubwa kama punje ya mahindi, ni kigumu, hakiyeyuki, na hakitaki undugu na plastiki. Kinakaa pale na nafasi yake pembeni. Hilo si tuta tena. Ni shimo la barabarani, na kila shimo ni mahali pa ufa kuanzia safari.

"Kwa hivyo mpira ni mzuri, lakini mpira ni mbaya," bosi alisema.

"Inategemea ni mpira gani na umekaa vipi, bosi."

"Ndio maana mnasoma usiku. Mchana mtu angewauliza maswali."

Walicheka wote. Hata muuza kuku alicheka, na hakuwa ameelewa.

Zile ndoo za tairi zilitoka na vipele vyeusi mwili mzima, kama mtu aliyelala na kunguni wa tabaka zote. Harufu yake ilikuwa ya gereji. Ungeweka maziwa humo, chai ingehitaji kubadilishwa oili. Bosi alizipenda. Alisema zina sura ya nguvu. Akaita mnunuzi wa shule moja ya bweni aje ashuhudie, saa sita mchana, kando ya mashine, kila kitu kulingana na mila za mababu. Akapindua. Akavua. Akapanda.

Ile ndoo haikupasuka kwa kelele. Ilikohoa tu. Mguu wa kulia wa bosi ukapita kitako cha ndoo ukazama mpaka kwenye goti, na kwa sababu hakuwa mtu wa kukubali jambo mbele ya mteja, aliukunja mkono mmoja kiunoni na kuendelea kuzungumzia bei. Alipojaribu kutembea, ndoo ikamfuata kama gambuti ya askari wa jeshi la ajabu. Mnunuzi aliaga kwa heshima zote. Alikuwa amefika Kapsabet, nadhani, ndipo akaanza kucheka. Fundi mkuu alimkata bosi kutoka kwa bidhaa yake kwa msumeno wa chuma, taratibu, huku akimwuliza kama anaumia, na masharubu yake yalikuwa yanatetemeka kwa namna ambayo haikuwa ya huruma.

"Mpira wako ni wa uongo, Profesa," bosi alisema mguu ulipotoka.

Na huko Timboroa mama mkwe alikuwa anakamulia vyombo vya kuazima, akitabasamiwa na mweka hazina.

Mpira wa kweli tulikuwa nao tayari. Muuzaji mmoja wa malighafi alikuwa ametuachia magunia mawili ya sampuli muda mrefu uliopita, na wafanyakazi wote, nikiwemo mimi, tulikuwa tunayakalia saa nne tukinywa chai. Yalikuwa laini kuliko benchi. Juu yake kulikuwa na maelezo kamili ya matumizi, yaliyosomwa na makalio tu. Siku hiyo, kwa kukosa mahali pa kutazama wakati bosi anapakwa dawa ya misuli, niliangalia chini nikayasoma. Ndani kulikuwa na punje nyeupe, laini, ambazo ukizitafuna zinarudisha meno. Ni mpira uliotengenezwa makusudi: unayeyuka pamoja na plastiki ndani ya mashine, unagawanyika kuwa vile vitone, na unashikana nayo.

Nilimwonyesha fundi mkuu. Aliusoma upande mmoja wa gunia, akasoma wa pili, akauliza, "Na tumekuwa tukikalia hii kitu?"

"Tumeikalia, Mzee."

"Usimwambie bosi. Atatukata kodi ya kiti."

Nilichanganya mwenyewe. Lakini mkono wangu una ukarimu wa harusi, nilimwaga kama mtu anayepika pilau ya ukoo mzima. Ndoo za kwanza zilitoka nzuri, zinang'aa, na hazikuvunjika kabisa. Tulizigonga, tukazitupa juu ya paa, fundi mkuu akapitisha gari juu ya moja na ikajinyoosha kama paka. Tatizo lilionekana tulipojaza maji. Ukiinua mpini, mpini unakuja, kitako kinabaki. Ndoo inajivuta, tumbo linashuka, mdomo unajifunga kama mtu aliyenuna.

"Haivunjiki, ni kweli," fundi mkuu alisema. "Hata kamba haivunjiki. Sasa nani anakamua kwa kamba?"

Tukapunguza. Tukapunguza tena. Fundi mkuu, ambaye mashine ile aliijua kama mke wa pili, aliongeza muda wa kuchanganya ili mpira usikae mafungu, na kwa mara ya kwanza nilikataa kuweka ule unga wa chokaa ambao bosi aliupenda kwa sababu ni rahisi kuliko plastiki. Tulipofika mahali ambapo ndoo inasimama na maji bila kunung'unika, tukaipeleka kwa kuku. Ikatoka na ukungu wake. Nikaigonga kwa mpini, ikatoa sauti nzito, tup, kama mtu anayegongwa mgongoni. Nikaigonga kwa nguvu. Ikabonyea, ikarudi. Muuza kuku akaomba moja.

Bosi alilia bei ya yale magunia kana kwamba yametolewa kwenye figo yake. Mwisho alikubali tutoe mzigo mmoja wa Timboroa, kwa sharti kwamba aje yeye mwenyewe kuutangaza.

Tulifika kwa mama mkwe asubuhi, pikapu imejaa, nyasi nyeupe kila upande. Ndoo chache za majaribio zilikuwa zimetangulia jana yake na mama mkwe alikuwa amezilaza ndoo nje, kando ya zizi, ili zionje maisha. Akina mama walikuwa wamekusanyika na leso vichwani na sweta juu ya sweta. Mweka hazina alisimama mbele na gambuti zake. Mama mkwe alinisalimia bila kunitazama sana, na nikaona mikono yake ameificha ndani ya leso. Haikuwa kwa sababu ya baridi, baridi ile alizaliwa nayo.

Bosi alichukua ndoo, akaipindua juu ya majani, akaanza kuvua koti.

"Mzee, unaoga?" mweka hazina aliuliza.

"Nataka kuwaonyesha nguvu."

"Shuka hapo," mama mkwe alisema, ingawa hakuwa amepanda bado. "Sisi hatukamui tukiwa tumesimama juu ya ndoo. Vaa koti, utaugua utuletee kesi."

Bosi akavaa koti. Katika miaka yangu yote kiwandani sijaona jambo zuri kama lile.

Mama mkwe alijaza maji ndoo moja iliyolala nje, akaipandisha kwenye mkokoteni wa punda, akaisukuma. Ilianguka juu ya mawe, ikaruka kidogo, ikasimama. Akina mama wakaguna. Akasukuma ya pili, na moja ya zile za zamani kando yake. Ya zamani ikafunguka kama ganda la yai. Mpya ikabaki inamtazama.

"Hiyo ni maji," mweka hazina alisema. "Mtu akibeba maji hana wasiwasi, anaweka vizuri. Sijaona maziwa."

Maji ni ya mto. Maziwa ni karo, ni unga, ni sabuni, na gari la kituo cha kupozea lilikuwa linakuja. Mama mkwe aliingia jikoni akatoka na maziwa yake yote ya asubuhi ile, bado yanatoa mvuke. Akayamimina ndani ya ndoo mpya mbele ya kila mtu, akafunga kifuniko, akampa mweka hazina mpini.

"Angusha wewe," alisema. "Nikiangusha mimi utasema nimeipapasa."

"Mwenyekiti, hayo ni ya gari."

"Najua ni ya gari. Mimi ndiye nimekamua."

Mweka hazina alinitazama mimi, akamtazama bosi, akapanda mkokoteni na gambuti zake. Hakuangusha. Alitupa. Nilifumba macho, na aliyeniona nikifumba asiseme. Nilisikia tup. Kisha nikasikia mbuzi mmoja.

Nilipofumbua, ndoo ilikuwa imelala ubavu, ina alama nyeupe mahali ilipobonyea, na kifuniko kimetema tone dogo juu ya jani. Mama mkwe aliisimamisha. Akapitisha kidole kuzunguka kitako chote, polepole, kama mtu anayetafuta jino la mtoto. Kidole kilikuwa kikavu. Mikono yake sasa ilikuwa nje ya leso.

Mweka hazina alishuka kutoka mkokoteni. Akainama, akanusa maziwa.

"Hayanuki tairi," alisema. Habari za bosi zilikuwa zimefika kabla yetu.

"Hayanuki," mama mkwe alijibu.

"Mimi nataka ya kijani. Hizi za buluu ng'ombe wangu watadhani ni za jirani."

"Kijani hatuna," bosi alisema. "Mashine imejaa rangi ya buluu, kuisafisha ni gharama, na huo mpira peke yake mama, ukijua nilivyo..."

"Amesema kijani," mama mkwe alimwambia. Halafu, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, alinitazama mimi usoni. "Mkwe, kila mzigo ukija, moja italala hapa nje kwanza. Na mweka hazina ndiye atatupa."

"Ndio, Mama," nilisema.

Gari la maziwa lilipiga honi barabarani. Mweka hazina alishika mpini upande mmoja, mama mkwe akashika upande wa pili, wakaibeba wawili ndoo ambayo mmoja angeweza kuibeba, wakibishana mpaka langoni kuhusu nani angegombea kiti gani kabla ya Krismasi.